Kiu ya Mama

Shoga, nimerudi na mama kutoka hospitali.

Si nilikwambia uzee umemwingia, ananiita kwa jina la marehemu shangazi? Kumbe si uzee. Nesi kamtazama ulimi, akasema, “Huyu ana kiu.” Kiu, shoga. Ndani ya nyumba yangu. Katundikiwa dripu, akili ikamrudia.

Nikamuuliza, “Mama, maji si nakuwekea kila siku?”

Akajibu polepole, “Nikinywa, itabidi unipeleke chooni. Na ukinipeleka, unaguna.”

Unaguna. Mbele ya nesi. Na ni kweli, huwa naguna.

Hapa nyumbani kanywa glasi nzima, nikamsifu.

Ngoja. Nasikia mkongojo wake. Anakwenda chooni peke yake, ananyata nisimsikie. Wacha nimuwahi asianguke.