Kifua Kimefunguka, Vidole Vimekufa Ganzi

Mama Mushauri, mi naomba unisaidie, hii siri imenishinda kubeba. Tulitoka Fizi, tunaishi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na batoto batatu, na bwana yangu, Baba Bora, ni fundi wa kushona, njo kazi inatulisha. Mwaka jana alikohoa sana, tukafikiri ni TB, kumbe ni kansa ya mapafu, na kule Lilongwe daktari akatueleza bila kuficha kwamba haitaisha kabisa, lakini dawa mbili kwa pamoja zinaweza kuirudisha nyuma kuliko moja, ila zitamutesa pia kuliko moja, tukakubali, akatapika, nywele zikaisha, lakini kikohozi kikapungua, picha ikaonyesha uvimbe umekuwa mudogo, akaanza kulala kitandani tena, si kukaa kwenye kiti usiku muzima akikohoa, mi nikamushukuru Mungu. Sasa juzi nilimukuta anashona gauni ya bibi arusi, damu iko kwenye kitambaa, pini imeingia kwenye kidole na yeye hana habari. Nikamuuliza, akakubali kwamba vidole vimekufa ganzi tangu zamani, hata kifungo hashiki, lakini kila daktari akiuliza anajibu hajambo. Akaniambia, "Mama Bora, ukisema, watanikatia dawa, na hii dawa njo pumzi yangu." Akaniapisha. Wiki ijayo tunarudi Lilongwe. Nikisema, namusaliti bwana na pengine namuua, nikinyamaza, mikono inaharibika. Nifanye nini?

Mama Bora, Dzaleka

MAMA DROCELLA ANAJIBU REDIONI

Pole sana, mdogo wangu. Unampenda mume wako, na yeye anapenda kuishi. Hapo hakuna kosa. Kosa ni kumficha anayemtibu.

Mimi si daktari, lakini nimeuliza wanaojua. Dawa za namna hii hupimwa kila safari: zimesaidia kiasi gani, zimeumiza kiasi gani. Uvimbe daktari anauona kwenye picha. Ganzi haionekani kwenye picha yoyote, anaambiwa na mgonjwa. Akiambiwa, anaweza kupunguza kiasi, au kubadilisha moja ya zile dawa mbili. Kuzikata zote si njia pekee. Asipoambiwa, ataendelea kumpa dawa ileile, na ganzi inaweza kubaki hata matibabu yakiisha.

Baba Bora, najua redio iko karibu na cherehani yako. Acha kumbebesha mkeo kiapo. Mwili ni wako na uamuzi ni wako, lakini utaamuaje vizuri kama daktari wako hajui ukweli?

Mama Bora, mwambie leo kwamba atasema mwenyewe. Akinyamaza mbele ya daktari, sema wewe, yeye akiwa amekaa hapohapo, si nyuma ya mgongo wake. Pasi ya makaa na sufuria ya moto shika wewe kwa sasa. Na kwa kuwa dawa hizi hupunguza kinga ya mwili, akipata homa msingoje siku ya miadi, nendeni hospitali mara moja.

BAADA YA KIPINDI, MAMA BORA ALITUTUMIA UJUMBE

Alisema mwenyewe, Mama. Daktari akamuambia afunge macho, akamugusa vidole kimoja kimoja, hakukasirika hata kidogo. Dawa moja ameibadilisha, ya pili inaendelea. Amesema ganzi itapungua polepole, pengine si yote. Tulipotoka nje Baba Bora akaniambia ana njaa. Hilo neno sikulisikia tangu aanze dawa. Tulikula nsima, ule ugali wa huku, palepale karibu na geti ya hospitali, akaimaliza, akaomba ingine.