Mwanya Uko Wazi

Kaka yangu Bimurza,

Pokea salamu za dada yako. Natumai zitawakuta wazima, wewe, wifi Tsiala na huyo mwanaume mdogo ambaye bado hatujamwona. Sisi hatujambo, ila theluji imefika madirishani. Mama ameanza tena kunitukana, basi ujue amepona. Anasema mtoto lazima aletwe kwenye sikukuu ya mienge, awashiwe wake kama wanaume wote wa nyumba yetu, na kubdari yetu ya nyama ataioka mwenyewe, maana ya kwangu hata mbwa huisusa.

Umeandika kwamba Jumapili mtakuja kwa ndege ya rubani Kukuri. Kaka, hapo ndipo moyo uliponipasuka.

Kazi yangu hapa uwanjani unaijua. Kutoka kwenu Kutaisi, kwa kupita mwanya wa mlima, ni kilomita tisini, nusu saa tu. Kuzunguka kwa bonde la mto ni karibu mara mbili, saa nzima. Kukuri huniuliza kwa redio kama mwanya uko wazi. Nikiona kilele, nasema uko wazi, nisipokiona, anazunguka. Hakuwahi kunibishia, kwa kuwa nilipopewa kazi niliapa mbele ya picha ya Mtakatifu Giorgi kwamba sitasema nisichokiona, na hata watu wa tambarare wanajua sisi Wasvani hatuapi ovyo.

Siku hizi haulizi. Anapita mwanyani, wingu liwepo lisiwepo, tena anaimba. Juzi alitua na matawi ya msonobari yamenasa magurudumuni. Nikamsihi arudie bonde. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema dada wee, mbona umekuwa mwoga hivi, wingu la huko ni shuka tu, na aliyenifundisha hayo si wewe mwenyewe? Abiria wakacheka naye.

Ni kweli, nilimfundisha mimi. Wiki tatu zilizopita, mama alipozidiwa, daktari alikuwa ndani ya ndege ile. Pumzi za mama zilikuwa zinakatika. Kukuri akauliza. Sikuona kilele, kaka. Sikuona hata ua wa uwanja. Nikasema nakiona, mwanya uko wazi, kwa sababu saa nzima ingemkuta mama maiti. Walipenya kwa bahati tu. Yeye huko juu aliona wingu tupu, mimi niliyeapa nikasema naona kilele. Basi akaamini wingu lile ni jembamba siku zote.

Mara mbili nimeshika redio nimwambie ukweli. Mara mbili aibu imenishinda. Najichukia.

Barua hii inakuja na dereva wa lori la chumvi, siku mbili njiani. Nakusihi, msipande ndege hiyo. Njooni na dereva huyo kwa barabara, mtoto mumfunike vizuri. Lakini kwanza kimbia uwanjani, umsomee Kukuri haya neno kwa neno, mbele ya watu, wanicheke au wanilaani. Ukiambiwa ameshaondoka, uliza ameondoka saa ngapi. Nusu saa ikipita bila redio kusema ametua, usihangaike, huenda leo kazunguka. Saa nzima ikipita, barua hii mpelekee mkewe.

Msalimie sana wifi, na mtoto mbusu kwa niaba yetu.

Dada yako,
Mzevinar