Tanuri la Mwanaidi

Jumatatu, 9 Juni
Nimeanika mwani, nimechemsha uji, nimemsikiliza Mwanaidi tena. Anasimama uani kando ya tanuri lake anaeleza, mimi nakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mimi ndiye jopo la walimu.

Alhamisi ya wiki ijayo anatetea mradi wake chuoni. Anasomea mambo ya samaki. Waliambiwa kila mtu ajenge kitu pale kitakapotumika, kisha aende kukieleza kwa mdomo, na walimu waonje samaki wenyewe. Mwanangu kajenga tanuri la kukaushia samaki kwa moshi. Pipa nje, udongo wa kichuguu ndani, mlango wa bati. Linakula kuni chache na samaki hawawi wachungu. Hapa Mlingotini nani mwingine kazaa mtoto wa namna hii? Mimi niliishia darasa la saba, lakini akili hizo kazitoa mahali.

Akishindwa, mwaka huu cheti hapati. Hatashindwa.

Jumatano, 11 Juni
Leo nimeleta wanawake walione tanuri. Wote wamesifu. Bi Tatu, jirani yangu, kawazidi. Eti, "Shoga, mtoto huyu kichwa anacho, na mdomo kama wakili." Nikasubiri aseme mashaallah, sifa isigeuke kijicho. Hakusema. Kaaga, kaenda zake.

Sijapenda.

Ijumaa, 13 Juni
Mwanaidi kaamka hana sauti. Anakoroma kama chura. Anasema ni moshi na kusema kutwa. Mimi najua ni nini. Nimempa tangawizi na asali. Mtihani wa mdomo, na kilichoshikwa ni mdomo. Moyo wangu mzito.

Jumapili, 15 Juni
Kaenda Bagamoyo kusafisha picha za mradi. Nimebaki na tanuri.

Nikatia makaa. Nikatia ubani. Nikatia na mvuje, ile dawa inayonuka ya kufukuza hasidi, bonge zima, maana ubani peke yake kwa jicho kama lile hautoshi. Nikafunga mlango wa bati, nikasoma Kul-audhu zote mbili. Harufu iliyotoka, hasidi yeyote angehama mtaa.

Jioni karudi, sauti imeanza kufunguka. Kanusa, kauliza nini kinanuka. Nikasema jirani anafukiza. Watoto wa chuo hawayaamini haya, na mimi sikutaka ubishi.

Jumatano, 18 Juni
Sijui niandike vipi.

Kaweka vibua asubuhi, kavitoa alasiri. Rangi nzuri, ngozi inang'aa. Kichwani nishamwona Bi Tatu, nimwonjeshe aone. Mwanaidi kakata kipande, kala. Kakata kingine. Kisha kanipa mimi.

Mvuje. Mvuje mtupu. Ule udongo umeunywa wote, na moto wa leo umeutapisha juu ya samaki.

"Mama, uliweka nini humu?"

Nikamwambia. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Kasema tu, "Kesho wanaonja, mama." Sokoni samaki wamekwisha, na hata wangekuwepo, tanuri ni hilo hilo. Kaviringisha vibua kwenye karatasi, kaingia ndani.

Sijala.

Alhamisi, 19 Juni
Kaondoka na samaki hao hao. Nilitaka tufuatane nikawaeleze walimu. Kakataa. Kaniamkia bila kunitazama usoni.

Karudi alasiri. Kwa kueleza, wamemsifu. Kwa samaki, wametema. Mmoja kaomba maji. Arudie mwezi wa tisa, kukausha na kueleza upya. Wenzake watapewa vyeti, yeye hapana.

Bi Tatu kachungulia mlangoni. "Vipi wakili wetu?" Mimi, mwenye maneno ya kugawa mtaa mzima, nimesema, "Kalala." Nikatamani kumkasirikia. Nimekosa pa kuanzia.

Ijumaa, 20 Juni
Nimepika pweza wa nazi, anaopenda. Kaonja kidogo. Nadhani kila kitu ninachompa sasa anakinusa kwanza.

Jumapili, 22 Juni
Nimemkuta uani, kichwa kimezama ndani ya tanuri, anabandua udongo. Nikachukua kipande cha bati nikaanza upande wa pili. Hakunifukuza. Mchana nikaenda kichuguuni kuleta udongo mpya. Tumeukanda pamoja.

Tulipokaribia kumaliza kanawa mikono. "Mama, kaa kwenye mbuzi. Niulize."

Nikakaa. Maswali yote niliyokuwa nayajua yakanitoka, likabaki moja.

"Kwa nini samaki wako walinuka?"

Kasimama wima, mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya walimu. Kasema, "Tanuri lilifukizwa kitu kingine kabla ya samaki, na udongo hushika harufu. Kosa ni langu. Nilipaswa kulijaribu kwanza."

Kumbe ndivyo alivyowajibu siku ile. Mimi hakunitaja.

Nimekumbuka nilivyomtangaza kisimani, sokoni, msibani hata. Siku zote hizo kuna neno sikulisema mimi mwenyewe.

Nimelisema leo, polepole, asisikie. Mashaallah. Kisha nikarudi kwenye udongo.