Zuhura Katikati ya Bidoni za Mawese

Jumamosi, baada ya harusi

…na ni mimi niliyesisitiza. Kaka alishapata taksi ya kumpeleka binti yake Zuhura kwa mumewe Bujumbura. Nikasema mtoto wetu hawezi kuolewa kwa taksi wakati gari yangu iko.

Tulifika Magara tu, katikati ya safari, gari ikachemka. Moshi ukatoka chini ya boneti, wauza samaki wakatuzunguka. Zuhura akapandishwa kwenye kamioneti ya mawese, gauni jeupe katikati ya bidoni za mafuta. Aliposhuka, upindo ulikuwa mwekundu.

Siku ya kuinunua gari yangu, muuzaji alinionyesha injini iliyobadilishwa na turbo waliyoongeza, akaniuliza kama naelewa vitu hivyo. Nilisema ndiyo. Niliona haya kuuliza kama imewahi kumaliza safari ndefu bila kuharibika. Nilisikiliza mngurumo, nikalipa.

Zuhura hakununa. "Murakoze, asante, baba mudogo. Ulitaka nipendeze." Heri angenitukana.

Jioni tumeivuta kwa kamba mpaka nyumbani. Jirani akauliza ina nguvu za farasi ngapi. Nikamtajia, tena kwa sauti, ili na wa ng'ambo ya barabara wasikie.