Pepo wa Baridi na Mbuzi wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, Bi Skolastika, shikamoo. Naomba msaada wako wa haraka, na tafadhali usiliandike jina langu, kwa sababu gazeti lenu likifika hapa Kilwa Masoko nakala moja husomwa na watu ishirini, likitoka kwa kinyozi linakwenda sokoni kufungia vitumbua, na hata anayekula kitumbua anasoma, na mimi siku hizi nina heshima kubwa mtaani, ingawa ni heshima ya uongo, na huo uongo ndio unaonikosesha raha.

Nina miaka ishirini na tisa, nauza ndoo na sahani za plastiki sokoni, nimeoa, mke wangu anaitwa Mwanaheri, mwanamke mpole asiye na makuu. Mwaka juzi lilipofunguliwa banda la video hapa kwetu tukaona kanda ya wazungu wanaopigana ngumi, mateke, mieleka na kunyongana, vyote kwa pamoja, ndani ya uzio, na mimi moyo wangu ukaniambia hii ndiyo kazi uliyozaliwa nayo. Tukaanzisha klabu, watu wanne, mwalimu wetu Tomaso, fundi baiskeli, ambaye kanda ile ameitazama mara kumi na moja. Uwanja tumeuzungushia nyavu chakavu za papa, mateke mengine vidole vinanasa tunasimama kunasuana, na gunia la kupiga tumelijaza usumba wa nazi.

Sasa mwaka jana nilivunjwa jino la mbele, Mwanaheri akalia siku tatu, nikamwapia mbele ya mama yake, Bi Mwanahija, kwamba nimeacha mapigano, na nilimaanisha, Bi Skolastika, kwa wiki mbili nzima nilimaanisha. Halafu akatokea Stephano wa Kipatimu, akatuma salamu kwamba Masoko hakuna mwanamume, nami nikajibu kabla sijafikiri, tukapanga tupigane Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa kumi na moja, sharti kila mmoja asizidi kilo sabini, tupimwe kwenye mzani wa mnunuzi wa korosho. Mimi nilikuwa na sabini na nane. Tomaso akasema hilo dogo, wazungu wanapunguza kwa jasho, wanavaa nguo nzito wanakimbia, basi nikanunua kwenye mitumba ovaroli la watu wa barafu, la bluu, lina pamba ndani nene kama godoro, lina kofia yake na glavu zimeshonewa humo humo, nikalificha kwa Tomaso, nikawa nalivaa saa saba mchana nakimbia hadi bandarini na kurudi, na Tomaso akakataza maji, alisema ukinywa unarudisha ulichotoa.

Siku ya nne zipu ikanasa. Nilikuwa karibu na kisima, Tomaso yuko nyuma yangu, jua la utosi, nikaona kisima kimekuwa viwili, kichwa kinagonga, na ajabu yake nikaanza kutetemeka kwa baridi, meno yanagongana, nikaanguka. Nilipozinduka nimezungukwa na kina mama, Tomaso amekimbia, ubani uko puani, na Bi Siti, fundi wa pepo wa mtaani kwetu, ameniinamia ananiuliza, "Karibu, mgeni. Umetoka wapi?" Nikafungua jicho moja, nikamwona Mwanaheri amesimama pale, nikakumbuka kiapo, nikajua nikisema natoka mazoezini ndoa yangu imekwisha. Nikasema, "Natoka mbali. Natoka kwenye baridi."

Mama yangu! Vigelegele! Bi Siti akasema alijua tangu alipoliona lile vazi, huyu ni pepo wa Kizungu kutoka nchi ya barafu, amekuja na koti lake, na mimi ni kiti chake, maana yake nimekaliwa. Wakanikata lile ovaroli kwa mkasi, wakanibeba nyumbani. Nikadhani kesho watasahau, kumbe jioni pepo akaulizwa anataka kula nini, na mimi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni kwa ajili ya zile kilo, nikajikuta nasema kuku wa nazi, mkate wa kumimina na chai ya maziwa. Vikaletwa. Kesho yake vikaletwa tena. Sasa hivi ninavyoandika nina kilo themanini na tatu.

Mke wangu naye anaongea na pepo kwa adabu sana. Anapiga magoti anauliza, "Mgeni, kiti chako ameahidi kuezeka paa la jiko tangu mfungo wa mwaka jana, je, unaridhia paa livuje?" Pepo atasemaje? Nasema siridhii. Kesho yake napanda juu na makuti. Mara, "Mgeni, unapenda pipa la maji liwe tupu?" Silipendi. Basi najaza pipa kila jioni, ndoo kumi na mbili. Juzi pepo ameulizwa kuhusu kuosha vyombo, akasema anapenda sana vyombo safi. Na kila nikijibu kwa ile sauti nzito, Mwanaheri anajiziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika, analia maskini, kwa huruma ya mumewe, na mimi roho inaniuma.

Lakini yote hayo si kitu, Bi Skolastika, linaloninyima usingizi ni mama mkwe. Bi Mwanahija anafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yangu. Wiki iliyopita pepo alisema mchuzi haukukolea chumvi, yule mama mtu mzima akainuka na miguu yake mibovu, akaenda kuongeza, akarudi akasema, "Samahani, mgeni, nimezeeka." Niliona haya sana. Na sasa Bi Siti amepanga ngoma kubwa ya kumkalisha pepo, Alhamisi ya mwisho ya mwezi, siku mbili kabla ya pambano, na damu inayotakiwa ni ya mbuzi, na mbuzi ni mmoja tu, Kibibi, mbuzi wa maziwa wa mama mkwe, ambaye maziwa yake ndiyo dawa ya tumbo lake, amemlea tangu kitoto kwa chupa. Bi Mwanahija amesema, "Mbuzi atapatikana mwingine, mkwe kama huyu hapatikani."

Tomaso ananishauri pepo aage ghafla, aseme amepata udhuru kwao. Rafiki mwingine anasema ninyamaze, mbuzi ni mbuzi. Nikisema kweli Mwanaheri ataondoka, nisiposema Kibibi atachinjwa. Nifanyeje? Na pia naomba uniambie nile nini nipungue kilo kumi na tatu kwa siku zilizobaki.

Ni mimi, Mpiganaji Mwenye Pepo Bandia, Kilwa Masoko.

*

BI SKOLASTIKA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Sijui limefichika kwa nani, maana umemtaja mkeo, mama mkweo, mganga wako, mwalimu wako na mbuzi, na sidhani Masoko kuna wanaume wawili waliokatwa ovaroli la barafu kwa mkasi pale kisimani.

Tuanze na uhai wako, kwa sababu mjinga aliye hai anaweza kushauriwa. Mimi kabla ya kuandika gazetini nilikuwa muuguzi miaka ishirini na miwili huku huku pwani ya Lindi, na nimewaona wavuvi na wapasua mawe wakiletwa wakiwa kama ulivyokuwa wewe, wanatetemeka kwa baridi katikati ya jua. Hilo si pepo, wala si uhodari. Ni mwili umepikika. Wengine hawakuamka kuulizwa wametoka wapi. Jasho ndilo feni la mwili, wewe umelifungia ndani ya godoro, kisha ukaunyima mwili maji ya kutengenezea jasho lenyewe. Na kilo ulizotoa kwa jasho zilikuwa maji matupu, zinarudi ukinywa kikombe cha pili. Mwambie Tomaso kwamba kanda ile hata akiitazama mara ya kumi na mbili haitamwonyesha joto la Kilwa, maana waliopigana mle ndani, nje kwao kulikuwa na barafu. Na mwulize kwa niaba yangu alikimbilia wapi siku ile, mwalimu gani anamwacha mwanafunzi chini!

Ukitaka mazoezi, fanya alfajiri ukishaswali, au jua likishapoa. Vaa kaptura na fulana nyepesi. Kunywa maji kabla, katikati na baada, madafu mnayo, yanywe. Kichwa kikianza kugonga, kaa kivulini, ujimwagie maji, na usipopata nafuu upelekwe hospitali, usipelekewe ubani. Kuhusu kilo kumi na tatu, hazipungui kwa siku hizo na usijaribu. Mtumie Stephano ujumbe leo hii kwamba uzito umekushinda. Atakucheka mpaka Kipatimu yote isikie. Vumilia, kucheka hakuvunji jino.

Sasa nyumbani kwako. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikaisoma kwa sauti kwa shoga yangu Benadetha, na sote tulifika pale kwenye kanga tukatazamana. Mwanangu, mkeo halii. Anacheka.

Hebu fikiri kidogo kwa hicho kichwa kabla hakijapikwa tena. Pepo ametoka nchi ya barafu, na anajua paa la jiko la Masoko linavuja? Mwanamke amekuomba makuti mwaka mzima hujanyanyuka, leo anampigia magoti mgeni na kesho yake uko juu ya jiko unaezeka. Ndoo kumi na mbili! Vyombo! Huyo unayemwita mpole asiye na makuu amekujua tangu siku ya kwanza, amekaa anangoja aone utafika wapi, na wakati anangoja, jiko limeezekwa. Mimi ningekuwa yeye ningemwuliza pepo na habari ya choo.

Usifurahi lakini. Anacheka mchana, sijui jioni akiwa peke yake anasema nini moyoni, maana uliapa mbele ya mama yake, na kila siku unapomkoromea kwa hiyo sauti nzito unampa nafasi ya kukusikia ukimdanganya tena. Hajakuumbua mbele za watu. Anakungoja uinuke mwenyewe. Na mama yake hachezi, mama yake anaamini. Mtu mzima mwenye miguu mibovu anashinda na njaa kwa ajili yako, anatoa dawa ya tumbo lake, na wewe umeshiba kuku wa nazi unamlalamikia chumvi! Hapo, mwanangu, nilikasirika nikaiweka barua chini.

Ushauri wa Tomaso wa pepo kuaga ghafla usiuguse. Huo ni uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, na Bi Siti atataka ngoma ya kumsindikiza, na mbuzi atakuwa yule yule.

Gazeti hili hufika Masoko Jumatano, kama basi halikukwama kwenye matope ya Somanga. Ngoma ni Alhamisi. Kwa hiyo ukishalisoma, funga biashara ya ndoo, nenda nyumbani muda huo huo, mkute mkeo. Usile kwanza. Kaa chini, na kwa sauti yako ya kila siku mwambie: nilivunja kiapo, nilikuwa mazoezini, niliona haya, pepo hayupo. Usiongeze neno. Usimtaje Stephano, usimtaje Tomaso, usiseme wazungu wanafanya hivi. Kama bado unayataka mapigano, mwombe sasa kwa uwazi, na jibu atakalokupa ulikubali.

Kisha mwende wote wawili kwa Bi Mwanahija. Huko ndiko kugumu, na huko usitume mtu wala usitangulize mke. Wewe ndiye uanze: "Mama, nimekukosea." Akikwambia mbuzi ameshafungwa kamba, ukamfungue wewe kwa mkono wako, na kuanzia siku hiyo majani ya Kibibi ni juu yako. Bi Siti naye mwendeeni na kilo ya sukari, mumwombe radhi, yeye alikuhudumia kwa nia njema siku ambayo mwalimu wako alikuwa mbioni. Mtaa utasema mwezi mmoja, utachoka.

Mkeo je, ataondoka? Ukimaliza kumwambia, funga mdomo, mtazame mabega. Kama yametulia, kazi unayo, na umbembeleze mwaka mzima kama inabidi. Lakini akivuta kanga mdomoni na mabega yakaanza kutikisika, mshukuru Mungu, kisha nyanyuka, chukua ndoo uende kisimani. Pipa lijae kila jioni kama kawaida, ila safari hii ulijaze kwa jina lako.