Baba Mkwe Alisubiri Ugali Kwenye Baa ya Mvinyo

Shangazi Yudita, shikamoo. Safu yako naisoma kila Jumatano na huwa nawacheka wanaokuandikia, leo ni zamu yangu kuchekwa, nisaidie hata kama ni kwa kunigombeza, maana nimebanwa.

Nina baa ndogo ya mvinyo hapa Tunduma, meza tano tu na kaunta, nafungua saa kumi jioni nafunga saa tatu, muziki ni wa chini mpaka mtu akinong'ona anasikika, na badala ya masinia natoa visahani, vipande vichache vya kitimoto na ndimu, maini ya kuku, uyoga wa kukaanga, parachichi la Mbozi lenye chumvi na pilipili, mtu anadokoa huku anaongea na glasi yake iko pembeni, na wateja wanapapenda, walimu wanakuja, mawakala wa forodha wanakuja, kina mama wa Nakonde wanavuka mpaka na wakiondoka wananiambia natotela, yaani asante kwa Kibemba chao, na mimi nilikuwa naamka na furaha kila siku mpaka baba mkwe alipokuja.

Baba mkwe ni Mzee Enoka, mkulima wa kahawa Igamba, alikuja Jumamosi moja mwezi wa tano kuona shughuli ya mkamwana wake, sasa Shangazi, sisi Wanyiha nyumbani kwetu tumelelewa hivi, mkamwana hakai meza moja na baba mkwe, hamtazami akila, wala hamuulizi kama ameshiba, basi nikajificha jikoni nikamtuma Goodness, dada anayehudumia, apeleke visahani, akapeleka cha kwanza, cha pili, mpaka cha nne, mzee akala vyote, akaomba maji akanawa tena mikono, akakaa. Alikaa karibu masaa mawili. Mimi huko jikoni nikasema moyoni amepapenda, kumbe alikuwa anasubiri chakula.

Alipofika Igamba akawaambia watu wa nyumbani, "Mkamwana kanionjesha mara nne, nikasubiri ugali mpaka jua likazama, nikaona labda mahindi bado yako shambani." Mama mkwe nasikia alicheka mpaka akajifuta machozi, na wifi yangu Fides akaibeba habari hiyo akaitembeza Igamba yote mpaka sokoni Vwawa, kwamba namshindisha baba yao njaa, na mume wangu Wilbard naye amepata pa kunishikia, anasema mwezi huu ukiisha niondoe visahani, niweke masinia ya ugali na spika mbili kubwa kama baa za wenzangu, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mzee haachi kuja, kila Jumamosi anapanda Noah ya abiria, anakaa meza ya dirishani, Goodness akimuuliza anajibu ameshakula kwake, anaomba glasi moja ya mvinyo mwekundu mtamu, anaangalia watu, saa kumi na mbili na nusu anaondoka, na mimi najificha jikoni kwa sababu najua anakuja kunisuta. Hii baa naipenda, Shangazi. Niiharibu ili nipate amani ya ukoo?

Jenista, Tunduma

Jenista mwanangu, marahaba.

Nimecheka kwanza, halafu nikakukasirikia. Mzee amezeeka na jembe mkononi, unampelekea vipande vitatu vya nyama kwenye kisahani cha chai, bila neno lolote, halafu unashangaa amesubiri ugali? Hata mimi ningesubiri. Ungemtuma Goodness amwambie tu, "Baba, hapa chakula chetu ndiyo hivi." Heshima inakukataza kukaa naye meza moja. Kumtumia ujumbe haijakukataza, hilo umejikataza mwenyewe kwa woga.

Sasa rudia kusoma barua yako taratibu, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Baba mkwe kama wako hawezi kumtania mkamwana usoni, unalijua hilo kuliko mimi. Akitaka kukutania afanyeje? Anaongea nyumbani kwake, mbele ya mkewe, akijua utafikishiwa. Mama mkwe wako aliuelewa utani, ndiyo maana alicheka. Fides naye ama hakuuelewa, ama aliuelewa akaona haumpi cha kusimulia sokoni.

Na huyo Wilbard asikusumbue. Mwanaume ana hamu ya spika siku nyingi, kapata kisingizio. Baa za spika Tunduma zimejaa, yako ya kunong'ona ni moja. Leo hii muulize, "Baba ndiye aliyekutuma?" Halafu umwangalie anavyojikuna kichwa. Visahani usiviguse.

Jumapili hii, baada ya ibada, nenda Igamba. Beba kuku mzima na unga wa msimu huu. Ingia jikoni kwa mama mkwe, songa ugali wa kumtosha mtu aliyesubiri tangu mwezi wa tano, umpe mama aupeleke na ujumbe huu: "Mkamwana anasema mahindi yameshavunwa." Ukisikia kicheko sebuleni, ujue kesi imekwisha, na Fides atafute habari nyingine.

Jumamosi fungua baa yako kama kawaida. Meza ya dirishani usimpe mtu yeyote. Mzee anakula kwake, anapanda gari kutoka Igamba, anafika kwako ameshiba, anaagiza glasi moja. Chakula hakimleti, mwanangu. Anakuja kumwona mkamwana wake akifanya kazi, na Jumamosi zote hizo ameishia kumwona Goodness. Toka jikoni, simama nyuma ya kaunta yako akuone.