Kitundu cha Mwisho

Kwa baba yangu mpenzi, mshona kofia wa Mkomani, Amu.

Assalaam alaikum, baba. Goti lako la kushoto vipi, bado lakuuma ukipanda ngazi za msikiti? Na mama, kile kifua kimempoa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo hautulii. Barua hii naianza mara ya tatu, mbili nimezichana.

Nti hii ya bara ni vumbi na miba tu. Nilikuja kubeba mizigo ya vita, lakini msimamizi wetu, Bwana Juma wa Mombasa, aliniona nashona kofia kivulini, akasema mkono huu usipotezwe. Sasa nashona ndege. Usicheke! Mabawa yake ni miti iliyovikwa kitani. Mwiba ukiyachana au risasi ikiyatoboa, naitwa mimi.

Ndege ina viti viwili, na bwana wangu ndiye airushaye. Mzungu kijana, hata ndevu hazijakolea. Asubuhi hali kitu, hunywa chai wima, kisha hulipapasa bawa akaniuliza, "Mzuri?" Nami hujibu, "Mzuri, Bwana." Ndipo apande kwenda kupigana na Mjarumani. Akishuka hutapika nyuma ya hema, akajifuta mdomo, akaenda kucheka na wenzake. Walikuwa watano, sasa wako watatu.

Sasa sikiza kosa langu. Wewe ulinifundisha kitundu cha mwisho cha nakshi ya kofia kisifungwe mpaka mwenyewe aivae, tujue kama yamkaa. Mkono umezoea hivyo tangu utotoni. Basi jana asubuhi niliziba mpasuko wa bawa, nikafika mwisho, mkono ukaacha kitundu kimoja wazi. Wallahi sikujua! Akauliza, "Mzuri?" Nikajibu kama siku zote. Alipokwisha ruka ndipo nikaiona sindano imechomekwa kifuani pangu, na uzi wa kufungia ungalimo.

Baba, sikukaa, sikusimama. Nilisoma Yasini nikaikosea, mimi niliyeihifadhi kwa fimbo. Aliporudi, kitani kilikuwa kimebambuka urefu wa mkono, chapigapiga. Akashuka, uso mweupe kama chokaa, akasema, "Risasi ya Mjarumani."

Bwana Juma akaninong'oneza, "Nyamaza we! Mungu amekusitiri."

Ningenyamaza. Lakini angekuja tena kuniuliza "Mzuri?", nami ningemjibu kwa uso gani?

Nikamwendea, nikamwonyesha sindano, nikamwambia. Akawa mwekundu, akatukana kwa lugha yao, akaondoka. Nikajua hapo ni viboko. Jioni akarudi na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Rafiki yangu ana homa. Kiti chake tupu. Kesho wewe shona. Kesho kutwa wewe panda na mimi."

Bwana Juma alishika kichwa. Mimi nikaitika kabla ulimi haujashauriana na moyo.

Yeo nimeshona kutwa. Nimefunga kila kitundu, nikarudia, hata pasipotaka kurudiwa. Ndia ya kwenda ni kesho alfajiri, baada ya sala. Naogopa, baba, sikufichi. Mtu aliyezaliwa kisiwani Amu akianguka, aanguke majini, si miibani. Nipeni radhi, wewe na mama. Barua itafika mambo yamekwisha kuwa yaliyokuwa, lakini radhi ya mzazi haichelewi.

Mke wangu, Bi Mwanaesha, mwambie mimi mzima. Habari ya kupanda usimsomee. Nisalimie shangazi wa Shela, na ami yangu fundi wa milango. Mwalimu wangu wa chuoni pia, ila ya Yasini asiyajue.

Na ile kofia niliyokuwa nakushonea, baba, imo sandukuni mwangu huko nyumbani, chini ya kanzu yangu ya Idi. Imekwisha yote, imebaki kitundu cha mwisho. Usimpe mtu akifunge. Nataka nikuvishe mwenyewe, nione kama yakukaa.

Mimi mwanao,
Abdalla